Njumu za Kishada

"Mwoga ni mwoga tu, hata umvike njumu za dhahabu," alisema kinyozi, na mkasi wake ukakata hewa mara mbili juu ya kichwa cha mteja ambaye hakuthubutu kutikisika. "Fainali! Miaka kumi na tisa tunaingoja, halafu bwana mkubwa anatangaza redioni eti mguu unamuuma. Nani hapa mguu haumuumi?"

"Mimi wangu mzima," alisema mteja kwa sauti ndogo.

"Wewe tulia, nisije nikakukata sikio."

Mama Gundi alicheka bila kuinua macho. Kibanda chake na cha shemeji yake kinyozi vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, na nusu ya ukuta huo walikuwa wameibomoa wenyewe ili wasipate taabu ya kupigiana kelele. Upande wa kinyozi kulikuwa na kioo, kiti cha kuzunguka na picha za timu. Upande wake kulikuwa na meza fupi, kalibu za mti za kila ukubwa wa mguu, nyundo, uzi uliopakwa nta, na kopo la gundi lililompa jina. Katikati kulikuwa na benchi. Walilikalia wateja wa kinyozi wanaongoja kunyolewa, wateja wake wanaongoja viatu, na Mwalimu, ambaye alistaafu miaka saba iliyopita na tangu hapo hakuwa akingoja chochote.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alisema Mwalimu, akikunja gazeti lake. "Kishada amesema anaumwa. Mguu ni wake."

"Mguu ni wake, jezi ni yetu! Wiki iliyopita kwenye nusu fainali alifunga mawili. Mawili, Mwalimu! Mgonjwa anafunga mawili? Nakwambia hapa kuna mkono wa mtu. Ama amenunuliwa, ama anautunza mguu kwa ajili ya timu kubwa zitakazokuja kumtazama."

"Kama anautunza, basi ana akili."

"Basi mwoze binti yako."

"Nina wavulana watupu."

Benchi likaangua kicheko. Mama Gundi alichoma soli kwa msharasi, akapitisha uzi, akavuta. Siku nyingine yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia katika mabishano ya mpira na wa mwisho kutoka. Leo alikuwa ametulia tuli. Alikuwa anajua jambo ambalo benchi zima halikulijua.

Ufundi wake hakufundishwa na mtu. Aliupata kwa kufumua viatu vibovu na kuvishona upya, kimoja baada ya kingine, mpaka vikamkubali. Katika kufumua huko alijiwekea kanuni moja: hapokei kiatu cha mtu kabla mwenyewe hajakivaa na kutembea mbele yake, kutoka mezani hadi kwenye nguzo ya umeme na kurudi. Wateja wapya walimshangaa. "Fundi, nimeleta kiatu, sikuja kwenye gwaride." Yeye aliwajibu kwamba kiatu hakiharibiki chenyewe, kinaharibiwa na mwendo, na asipouona mwendo atakuwa anaziba tundu huku paa linavuja kwingine.

Mwezi mmoja nyuma aliivunja kanuni hiyo. Dada yake Kishada alikuja mbio na njumu ndani ya mfuko. "Kisigino cha kushoto kinamsumbua, Mama. Anaomba umwekee kitu kidogo cha kukiinua." Siku hiyo wateja walikuwa wamejaa hadi barabarani. Isitoshe, zilikuwa njumu za Kishada, mtoto wa mtaa wa nyuma, ambaye Mama Gundi alianza kumshonea viatu tangu anacheza na mipira ya matambara. Nani angeziambia njumu za Kishada zingoje? Alikata ngozi, akabandika tabaka nne, akazichonga kwa kisu hadi zikalingana na kisigino, akazificha chini ya soli ya ndani. Kishada alicheza mechi tatu juu ya ngozi ile. Siku ya nusu fainali mtaa ulipiga masufuria, na Mama Gundi alicheza na wenzake hadi kilemba kikamdondoka, huku moyoni akijisemea: mkono wangu umo.

Kisha jana, Alhamisi, redio ikasema mshipa wa nyuma ya kisigino umeanza kuchanika, kwamba Kishada amekuwa akicheza na maumivu kwa wiki nyingi, na kwamba ameamua kutocheza fainali. Mama Gundi aliacha kijiko ndani ya sufuria. Ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya. Alikuwa amempa mtu njia ya kutousikiliza mguu wake.

Saa sita, jua lilipokuwa limewasukuma wote kwenye kivuli, alikuja mtu mmoja, kofia imemfunika hadi nyusi, mfuko mkononi.

"Shikamooni."

"Marahaba," alijibu kinyozi bila kugeuka. "Kaa hapo benchi, ngoja zamu. Nilikuwa nawaambia hawa: angekuwa na uchungu na timu, angecheza hata kwa mguu mmoja. Mimi mwenyewe ningekuwa..."

Aliinua macho, akamwona mtu yule ndani ya kioo. Mkasi ukasimama.

"Endelea tu, kaka," alisema Kishada. "Nimezoea. Jana wameniandikia ukutani kwetu."

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, aligeuka polepole kama mtu aliyesikia nyoka. Kishada alimwendea Mama Gundi, akainama juu ya meza. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu aliisikia.

"Mama, niongezee. Kile cha kwanza kimelala. Weka kinene zaidi. Nitacheza Jumapili."

"Si ulisema huchezi?"

"Nilisema. Halafu maneno ya watu yakanizidi."

Mama Gundi alizitoa njumu mfukoni, akazipindua na kuzilaza mapajani. Meno ya njumu ya kulia yalikuwa yamelika yote, upande wa nje zaidi. Ya kushoto yalikuwa yamelika mbele tu. Ya kisigino yalikuwa bado na ncha zake, karibu mapya. Mtu huyu hakuwa amekikanyagia kisigino cha kushoto kwa muda mrefu. Lo, laiti angezipindua mwezi ule! Alichukua koleo, akavuta soli ya ndani, akakitoa kipande chake cha ngozi, akakiweka mezani.

"Vaa," alisema.

"Mama, wewe zipokee tu, kama siku ile."

"Siku ile nilikosea. Vaa, mwanangu, utembee hadi kwenye nguzo." Alilitazama benchi. "Niwaambie hawa waondoke?"

Kishada alifikiri kidogo. "Waache. Si ndio wenye timu?"

Akavaa. Njumu kwenye saruji zina sauti yake. Mguu wa kulia ulisema *ko*. Wa kushoto haukusema kitu. Ulifika chini kama mtu anayeingia chumbani mwa mgonjwa. *Ko*, kisha kimya. *Ko*, kisha kimya. Alipoikaribia nguzo aliishika mapema, kwa mikono miwili, akasimama hapo akijifanya anasoma tangazo lililobandikwa. Mwalimu alilifungua gazeti lake na kulitazama bila kulisoma. Kinyozi alikuwa anaangalia nywele zilizotapakaa sakafuni.

Aliporudi, jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Siweki," alisema Mama Gundi.

"Ni mechi moja tu, Mama."

"Nikiweka utacheza, hilo najua. Utakimbia, wala hutasikia kitu, mpaka siku utakaposikia umekatika. Na hapo hakuna fundi."

"Na tukifungwa watasema nini?"

"Watasema. Midomo wanayo. Mimi pia nalitaka hilo kombe, usione nimekaa kimya; nimelitaka tangu kichwa chako hakijafika kwenye meza hii. Lakini kwa mkono wangu, siweki."

"Mafundi wako wengi mjini."

"Wako wengi, na wengine wananizidi."

Alikichukua kile kipande cha ngozi, akakiweka kiganjani mwa Kishada. Upande wa nyuma kilikuwa bado na unene wa kidole. Upande wa mbele kilikuwa kimebonyea hadi kukaribia kutoboka, kama sabuni ya siku ya mwisho. Kishada alikigeuzageuza. Kisha akamgeukia kinyozi.

"Na wewe, kaka? Nicheze?"

Kinyozi alifuta mkasi kwa taulo, akaufuta tena.

"Mimi fundi wa vichwa," alisema mwishowe. "Miguu... miguu muulize shemeji." Kwa ncha ya kiatu akamsogezea kigoda chake mwenyewe, kile asichomkalisha mtu. "Kaa, uvue hayo madude. Sakafu hii inateleza."

Kishada akakaa, akavua, akavaa ndala. Alizirudisha njumu mfukoni pamoja na kipande cha ngozi, akaaga vizuri, akaondoka. Atafanya nini, hakusema.

"Kaka kinyozi," alisema yule mteja baada ya muda, "huku upande mwingine utanimalizia leo au Jumapili?"

Kufikia asubuhi ya Jumamosi habari ilikuwa imetiwa chumvi mpaka haiwezi kulika. Mama Gundi ameficha njumu za Kishada. Mama Gundi ni shabiki wa wapinzani tangu zamani, ila alikuwa anajifanya. Dereva mmoja wa lori alikuja kuchukua viatu vyake hali soli moja bado inaning'inia.

"Kesho tukifungwa, Mama Gundi, hii meza utaitafutia mtaa mwingine."

Alikuwa anatabasamu, lakini si kwa macho. Mama Gundi alimpa viatu vyake. "Hicho cha kulia usikanyagie maji," alisema.

Jioni, wakati wa kula, mumewe, ambaye ni fundi bomba na husema machache kama mtu anayelipia maneno, alimwuliza, "Na akienda kwa fundi mwingine?"

"Atakuwa ameenda."

"Na tukifungwa?"

Alitafuna, akameza. "Nitalia. Kisha Jumatatu nitafungua."

Jumapili saa kumi benchi lilijaa, na waliokosa nafasi walikaa chini. Kinyozi aliiegemeza simu yake kwenye kioo, ikitangaza mechi. Mtangazaji alipoanza kutaja majina ya wachezaji, Mama Gundi alikuwa anashona kamba ya ndala, na sindano ilimchoma kidoleni mara mbili. Majina kumi na moja yalitajwa. La Kishada halikuwamo.

Mwalimu akakohoa. Mama Gundi aliingiza kidole mdomoni, akakinyonya, na bega lake moja lililokuwa limepanda tangu Alhamisi likashuka.

"Haya," alisema kinyozi, "tutacheza na tulichonacho."

Walicheza na walichokuwa nacho. Kipindi cha kwanza kilipita bila bao, na cha pili kikawa kinaelekea huko huko. Kinyozi alitukana refa, upepo, na mshambuliaji wa akiba, ambaye alimlinganisha na kabati. Kishada hakumtaja. Mara moja tu mtu wa nyuma alipoanza kusema, "Laiti Kishada angekuwa...", kinyozi alimkata jicho, naye akamalizia sentensi yake kwa kikohozi.

Dakika ya themanini na nane, penalti. Yetu! Benchi lilianguka chali kwa jinsi walivyoinuka kwa pamoja.

"Na anayepigaga penalti siku zote ni Kishada," ilisema sauti ya mtangazaji, "lakini leo yuko nje. Mpira ameushika beki namba tatu, anaonekana kama hataki... Ngoja. Kishada ameinuka kwenye benchi la timu. Anakwenda hadi kwenye mstari. Anachechemea, mpenzi msikilizaji, anachechemea mbele ya uwanja mzima. Wapo wanaomzomea, wapo wanaompigia makofi. Amemwita beki, wameshikana mabega, anamwambia jambo sikioni..."

"Anamwambia apige kushoto," alinong'ona Mwalimu.

"Anamwambia afumbe macho," alisema kinyozi.

Simu ya kinyozi ilikuwa na ugonjwa wake: ilichelewa. Redio ya seremala, mtaa wa juu, ilikuwa mbele yao kwa pumzi kadhaa, na tangu mechi ianze walikuwa wameisikia mitaa mingine ikishtuka kabla yao. Sasa wote walijua hivyo, na hakuna aliyethubutu kugeuza shingo.

Ndani ya simu, beki alikuwa ndio kwanza anauweka mpira chini, anaurekebisha, anarudi nyuma.

Kutoka mtaa wa juu ikapanda sauti moja kubwa ya watu, ikavuka mapaa, ikawafikia. Mama Gundi alisimama, ndala ya mtu mkononi, uzi ukining'inia, akainua uso kuisikiliza vizuri, kama ni ya bao au ni ya kilio.