Reki Isiyonuka

Dada wawili wa tumbo moja walifanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka, nyuma ya mji, upande wa baharini. Mkubwa ndiye aliyemtafutia mdogo wake kibarua hapo, akamfundisha kusoma rangi ya maji na kusikiliza pampu kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa. Sasa meneja alikuwa amempa mdogo kofia nyeupe ya usimamizi. Mkubwa alibaki na yake ya njano.

"Hongera, mdogo wangu," alisema mbele ya wenzao. Meno yalicheka, roho ikamuuma.

Nyumbani mama yao aliita majirani waje kuiona kofia. "Jamani, mwanangu bosi!"

"Na mimi, Mama?"

"Wewe si upo hapo siku zote?"

Usiku kucha aliyarudia maneno hayo kichwani.

Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kulikwangua kwa reki chekeche, yaani zile nondo zilizosimama kwenye mfereji wa kuingilia, zinazozuia matambara, nywele na mifuko visifike kwenye pampu. Akimaliza, huisimamisha reki mlangoni pa chumba cha pampu ikiwa bado inachuruzika, ili msimamizi akifika ajue kazi imefanyika.

Asubuhi ambayo wakaguzi wa mabwawa walitarajiwa, alifika kabla ya wote. Chekeche lilikuwa limeota ndevu za matambara kuliko siku zote. Akaliangalia, akafumba macho. "Ee Mungu wangu, mwaibishe mdogo wangu. Kidogo tu."

Kisha, kana kwamba Mungu anahitaji msaidizi, akaliacha lilivyo. Akafungua bomba la maji safi, akailowesha reki, akaisimamisha mlangoni.

Jambo moja hakuliwaza. Maji yakikosa njia ya kwenda mbele hurudi nyuma, na nyumba iliyokuwa chini kuliko zote kwenye bomba lile la majitaka ilikuwa ya mama yake.

Mji ulipoamka na kuanza kuoga, simu ya mdogo ikalia. Sauti ya mama yao ilisikika hadi kwa meneja aliyesimama karibu.

"Mwanangu, choo kinatapika! Nimepanda juu ya kiti! Wewe si bosi? Kiambie kinyamaze!"

Mkubwa aliitazama reki pale mlangoni. Alikuwa ameomba kidogo tu.

Meneja aliifikia reki mlangoni, akaigusa. "Imelowa. Basi chekeche limesafishwa." Akamgeukia mdogo. "Pampu ndizo zimekushinda, msimamizi. Na wakaguzi wako njiani!"

Mdogo aliichukua reki, akaisogeza puani, akanusa. Reki ya chekeche hunuka hata ukiisugua kwa sabuni. Hii ilikuwa na harufu ya maji ya bomba. Akainua macho, akamtazama dada yake kwa muda, kisha akaishusha polepole.

"Ni kosa langu, bosi," alisema. "Sikukagua."

Hapo wivu ukampanda mkubwa hadi utosini. Kumbe hata kwa wema atashindwa na mdogo wake? Kofia imekwenda, mama amekwenda, sasa na hili nalo?

"Hilo ni langu!" alipiga kelele. "Kofia umechukua, na kosa langu pia unalitaka? Mimi ndiye niliyeliacha chekeche! Mimi! Reki nimeilowesha bombani!"

Meneja aliitazama reki, kisha kiganja chake kilicholowa.

"Najua, dada," mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nenda kwa Mama. Huku niachie mimi." Akaenda mferejini na reki, kofia nyeupe kichwani.

Mkubwa alimkuta mama yake bado kasimama kitini, gauni kalikunja magotini. Akapiga goti, akaanza kukomba uchafu kwa ndoo.

"Mwenzako yuko wapi?" mama aliuliza, shingo imenyooshwa kuelekea mlangoni. "Yeye ndiye msimamizi."

Kile kitu kikamchoma tena, palepale, kama hakijawahi kutoka.

"Yuko kazini, Mama," alisema. "Anasafisha uchafu wangu."

Aliinama zaidi ili mama asimwone uso. "Ee Mungu wangu," alinong'ona juu ya ndoo, "niondolee hiki kijicho. Hata kidogo tu."

Chooni maji yalikoroma, yakatulia, kisha taratibu yakaanza kushuka.