Hariri Nyekundu ya Kezia

Mtumwa hasemi mbele ya wageni asipoulizwa. Katika shamba lile la Georgia hata watoto waliijua sheria hiyo kabla ya kuijua sala, na Kezia, mshonaji wa nyumba kubwa, hakuwahi kuivunja.

Asubuhi ile alikuwa amepiga magoti sakafuni, akiushikiza msalaba wa buluu wa bendera, uliolala pembe kwa pembe, juu ya hariri nyekundu. Hariri hiyo ilikuwa shali ya marehemu mama yake. Madukani nyekundu ilikuwa imekwisha, imebaki ya rangi ya waridi, na Bibi Lavinia, mke wa Bwana mwenye shamba, hakutaka kikosi cha mumewe kichekwe.

"Nipe shali yako, Kezia," alikuwa amemwambia, mkono juu ya Biblia, "na Kato hatakwenda vitani kumbebea Bwana masanduku."

Kato, mume wa Kezia, alichungulia mlangoni. "Bendera tena? Ile ya kwanza ina nini?"

"Ilifanana mno na ya adui wa Kaskazini. Vumbini hawakuweza kuzipambanua, wakapigana risasi wao kwa wao."

"Lo! Wangeiacha hiyo hiyo, mke wangu. Ilikuwa ikifanya kazi njema."

Kezia akacheka hata uzi ukamponyoka. Kisha akashona nyota nyeupe, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekomea mlango.

Jumapili, uwanjani mwa kanisa, Bibi Lavinia aliikabidhi bendera. "Nimeishona kwa mikono yangu," akasema, na mabibi wakapangusa machozi. Ngoma zikalia, kikosi kikaondoka. Na nyuma ya farasi wa Bwana, sanduku begani, alikuwa Kato.

"Bibi!" Kezia alipaza sauti. "Uliapa! Shali umechukua, na mume wangu pia?"

Bibi aligeuka polepole. "Jua limemwingia kichwani, maskini," akawaambia wageni. "Mwondoeni."

Adhabu yake ilikuwa kuchuma pamba kondeni hadi mwisho wa mavuno. Maganda makavu ya pamba yalimchana vidole, vikapona, vikachanika tena.

Pamba ilipokwisha, Bibi alimwita. "Umeshalipa, Kezia. Yamepita. Kikosi kingine kinangoja nyota." Akamtandikia mapajani gauni lake mwenyewe la harusi, hariri nyeupe, likatwe.

Kezia akalipitishia kiganja. Hariri ikanasa kwenye ngozi iliyokakamaa. Uzi mmoja ukafumuka, kisha wa pili.

"Taratibu!" Bibi akasema.

Kezia akapitisha kiganja tena.