Mlima Usio na Mto

Kathure alikuwa amewabembeleza vijana wenzake wa kanisa tangu mavuno. Leo, wakiwa wamekaa uani kwa kaka yake mjini Meru, aliwaeleza mpango mzima: gari hadi mbali kule kaskazini, kisha siku kadhaa za kuukwea mlima wa kilele bapa kama meza, wakilala huko huko juu. Wasipokubaliana leo, wangerudi Mombasa kama kila Desemba.

"Chakula tutabeba," alimalizia. "Maji tutateka njiani."

"Wapi?" aliuliza Mukami, mke wa kaka yake, akichambua maharagwe. Yeye alizaliwa Mbeere, kwenye ukame wa Embu.

"Mtoni, wifi."

"Mto upi?"

Kathure hakuwa amefikiria hilo. Tangu utotoni, mlima kwake ulikuwa mama wa mito.

"Ninyi watu wa milima ya chai na mvua," Mukami alicheka, "mkiona kilima tu mnasikia maporomoko."

Kaimenyi, mmoja wa wavulana waliotaka Mombasa, akaona upenyo. "Basi. Maji ya siku zote hizo hayaenei kwenye mikoba yetu. Mombasa maji yamejaa tele."

"Ya kunywa?" aliuliza Mukami.

Walicheka, lakini mikono ya kuichagua Mombasa ilianza kuinuka. Kathure akaingia jikoni, akatoka na jerikeni lililojaa na ule mkanda wa ngozi ambao Mukami hubebea kuni. Akalifunga jerikeni kwa mkanda, akauweka utosini, jerikeni likalala mgongoni, akauzunguka ua.

"Kila mtu abebe hivi. Mikono inabaki huru kushika mawe."

"Mkanda huo ni wa akina mama," alisema Kaimenyi. "Mimi ni mwanamume wa Kangeta. Nikionekana nao, baba ataitisha kikao cha wazee."

"Nyani wa kule hawamjui baba yako," alisema Mukami.

"Wasichana tutapanda," alisema Kathure. "Ninyi mkiulizwa mlikuwa wapi, semeni mliogopa mkanda."

Kaimenyi alilitazama lango.

"Lifungeni kwanza."

Mukami akalifunga, Kaimenyi akauvaa mkanda. Mara ya kwanza mkanda uliteleza hadi puani. Mara ya pili ulishika, naye akauzunguka ua akitembea kama bata mzinga, wasichana wakiuma midomo. Aliporudi jasho lilikuwa likimchuruzika.

"Shingo inauma," alikiri, mkanda ungali kichwani. "Haya, wa Mombasa ni nani?"

Hakuna mkono ulioinuka. Kathure akaenda kujaza jerikeni la pili, maana wavulana walikuwa wameshapanga foleni.