Wimbo wa Gari la Taka

Roboti ya Yuchen ilianguka kutoka mezani mara ya pili, na darasa zima likaangua kicheko. Haikuvunjika, ila moyo wa Yuchen ulimpasuka. Lilibaki jaribio moja tu la mtihani. Kama ingeanguka tena, angerudia mwaka na wenzake wangemwacha.

"Bahati gani hii? Na pakiti nimeweka!" alilalamika.

Jijini Taichung hakuna mwenye akili timamu anayewasha mashine bila kuiwekea juu pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, ili itulie na itii. Ya njano haifai, na iliyopitwa na tarehe ni balaa tupu.

"Hata pakiti yenyewe imeanguka nayo, dada," alisema Kuowei, mwenzake wa meza. "Imekushinda."

"Nyamaza wewe!"

Mwalimu Hsieh, mtu asiyejua kubembeleza, aliiokota roboti. "Yuchen, kabla ya kuanguka ilikuwa inafanya nini?"

"Inaimba, Mwalimu. Ule wimbo wa gari la taka, watu wasikie watoe takataka zao."

"Na ikiimba, nani anaangalia ukingo?"

Yuchen aligeukia kompyuta yake. Kwenye programu alikuwa ameiamuru iimbe, isubiri wimbo uishe, ndipo isome jicho lake la chini, linaloona ukingo. Kumbe muda wote huo magurudumu yalikuwa yakienda na jicho limefumbwa! Aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Mshika mawili moja humponyoka, na ubongo wa roboti ile ulikuwa mmoja, mdogo kama ukucha.

Akaketi, akaandika upya. Noti moja ya wimbo, tazama chini. Noti nyingine, tazama tena. Wimbo na jicho vikawa vinapokezana.

Alipoirudisha mezani, Kuowei alikuja mbio na pakiti. Yuchen akausukuma mkono wake.

"Weka pembeni. Leo nataka nijue inamtii nani."

Roboti ikaondoka ikiimba. Ikakaribia ukingo. Yuchen alitamani kufumba macho, asiweze. Ikasimama, ikarudi nyuma taratibu, ikamalizia wimbo wake. Darasa likalipuka kwa makofi, naye akalia bila kujificha.

Kisha akaichukua pakiti, akaichana.

"Umerukwa na akili?" Kuowei alishtuka. "Hiyo ni ya mashine, hailiwi!"

"Karibuni," alisema Yuchen.

 Mwalimu Hsieh ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono na kuchota.