Siku Tuliyowanyima Wageni Kuku

Manyoya ya kuku yalikuwa bado yamenata mikononi mwangu Syprose Adhis aliposhuka kwenye pikipiki pale kwangu Birongo. Hakusalimia. Alilitazama karai la maji ya moto, akaziangalia sufuria zilizokuwa zikitokota juu ya mafiga, kisha macho yakamfikia Drusilla, jirani yangu na mwekahazina wa kikundi chetu cha miche, aliyekuwa ameketi akichambua mboga ya chinsaga.

"Dani, ni nani anaolewa leo?"

"Haolewi mtu," nikamjibu. "Ni hao watu wa kaunti wanaokuja kukagua miche. Si wewe ndiye uliyetuambia tujitayarishe?"

"Nilisema mtayarishe miche! Miche, Dani!"

Dani ni nyanya kwa lugha ya kwao, huko ziwani. Syprose alikuwa na ofisi mjini Kisii, chumba kimoja juu ya duka la mbolea, na kazi yake ilikuwa kuvishika mkono vikundi na wafanyabiashara wadogo mpaka wapate tenda za serikali za kilimo na misitu. Kabla hajatufikia, sisi tuliamini tenda ni kitu cha watu wenye magari meusi na tumbo mbele. Tulikuwa tukiotesha miche chini ya kivuli cha migomba na kuibeba kwa beseni hadi sokoni, na isiyouzika tulirudi nayo kichwani.

Halafu kaunti ikatangaza kwamba inatafuta mianzi na miti ya asili ya kupanda kwenye chemchemi, zile ambazo mikaratusi imezinyonya hadi zikabaki matope. Syprose alikuja na habari hiyo kwenye simu yake. Akatusajili, akatuunganisha na akina mama wa Nyamache ili mzigo utoshe, akatufundisha mambo ya ushuru na kompyuta kwa subira, kama unavyomfundisha mtoto kushika kijiko. Nilisoma shule ya msingi tu, lakini siku ile maombi yalipoondoka kwenye ile mashine nilihisi kama nimefaulu mtihani upya.

Tulibaki wawili: sisi na kampuni moja ya mjini. Ukaguzi ndio ungeamua. Na tulikuwa tumeshajitosa. Drusilla alikata migomba yake yote ya kando ya mto ili kitalu kipanuke, migomba iliyomsomeshea watoto. Tukikosa, miche ingekua kupita kiasi kwenye viriba, vile vifuko vyake vya plastiki, mizizi ishike ardhi, na mwisho wake tungeikatia mbuzi.

"Sikilizeni," Syprose alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mkaguzi akila kwako kabla hajaamua, hiyo inaitwa rushwa. Hao wa kampuni wakisikia, malalamiko yatafika mjini kabla ya gari. Mtaondolewa. Hata soda hapana. Hata ndizi ya kubeba hapana."

Drusilla alisimama, chinsaga ikamwagika. "Rushwa ni pesa! Hii ni kuku. Nani amewahi kuhongwa kwa paja la kuku?"

"Wengi, mama. Wengi sana."

Sikucheka. Nilipoolewa katika boma hili, kitu cha kwanza alichonifundisha mama mkwe wangu hakikuwa kulima wala kukama. Siku hiyo bwana shamba wa pareto alipita, amelowa mvua, na nyumbani hapakuwa na kitu ila mayai yaliyokuwa yameatamiwa. Mama mkwe alimwondoa kuku, akayainua mayai kwenye mwanga wa mlango moja baada ya jingine, akachagua mazima, akayakaanga. Mgeni akitoka kwako na tumbo tupu, aliniambia, amekwenda na jina lako. Nimelilinda jina hilo mpaka nimepata wajukuu. Sasa huyu msichana alitaka nilipoteze mchana kweupe, mbele ya majirani.

Nikanawa mikono. Nikafunika sufuria.

"Magokoro, unafanya nini?" Drusilla aliniuliza. Hivyo ndivyo tunavyowaita nyanya kwetu, naye huniita hivyo akikasirika, ingawa tumelingana umri.

"Migomba yako ilikatwa kwa ajili ya miche," nikamwambia. "Acha miche izungumze."

Gari lilifika jua likiwa limekaza. Kiongozi wao aliitwa Nyangau, ofisa wa misitu, mtu wa huku huku kwetu, mrefu, viatu vyake vimekula matope ya vilima vingi. Alinisalimu kwa heshima, "Bwakire buya, mama," kisha akasimama pale langoni na kuvuta pumzi.

"Nasikia harufu ya kuku."

Syprose alitazama mawinguni.

"Harufu mtapata," nikasema. "Kuku hamtapata. Leo sitawapa hata maji ya kunywa, mwanangu, na mama mkwe wangu akifufuka mtanitetea."

Kwanza alinikodolea macho. Halafu akacheka, kicheko kilichomtikisa mabega, na wenzake wakacheka naye. "Asante, mama," alisema. "Hujui umenipunguzia mzigo gani."

Wakaingia kitaluni. Nyangau aliichagua miche mwenyewe, si ile tuliyoipanga mbele, akapasua viriba na kuitazama mizizi. Ilikuwa myeupe, imejaa, haijajipinda. Akabonyeza udongo, akaunusa. Alimuuliza Drusilla maji ya kiangazi yanatoka wapi, na Drusilla, bado amenuna, akamwonyesha mto kwa kidole, na visiki vya migomba yake. Mkaguzi alivitazama visiki hivyo kwa muda mrefu. Wakaondoka na midomo mikavu, nami nikasimama njiani nikiona aibu na kiburi kwa pamoja, mpaka vumbi likatulia.

Kuku tulimla wenyewe. Syprose alikula mapaja mawili.

Alipopiga simu baadaye, alianza kupayuka Kijaluo, akakumbuka, akahamia Kiswahili: "Dani, ni yenu! Tenda ni yenu!" Nilikuwa shambani nikichuma majani chai. Nilipiga vigelegele, wakaitikia ng'ambo ya bonde watu ambao hata hawakujua ni vya nini.

Mvua ziliposhika, lori la kukodi lilirudi kinyumenyume hadi kitaluni. Tulipakia tangu alfajiri, akina mama wa Birongo na wa Nyamache, miche ikipita mkono kwa mkono kama watoto wachanga kanisani. Mwanangu Mose alikuwa juu ya lori akiipanga. Tulipomaliza, dereva alizunguka, akafunga turubai, akamtazama Mose.

"Mzee, wewe ndiye mwenye mzigo? Twende basi, kiti chako kiko mbele."

Mose alininyooshea kidevu.

Nilikaza leso yangu kiunoni. Nikapanda mbele, nikasogea katikati ili Drusilla apate kukaa dirishani.