Natua, Lete

Jumamosi asubuhi Nekoye alikuwa ameinama kwenye bomba la uani, akisugua viatu vya shemeji yake kwa kipande cha gunia, alipoona kwamba hakuna cha kusugua. Usiku mvua ilikuwa imenyesha Amalemba yote, na njia ya sokoni ilikuwa tope la kufika vifundoni. Jairus alikuwa amepita njia hiyo alfajiri, kwenda na kurudi. Ngozi ya juu ilikuwa na matone ya umande. Soli zilikuwa kavu, safi kama sahani ya wageni.

Nekoye akavianika, akaenda kutazama nyayo. Alikuwa mtu wa kutazama. Shule ilipomwishia darasa la nane alijifunza kukaa mahali kimya na kuacha mambo yajilete yenyewe. Kutoka langoni hadi mlangoni aliona nyayo za kuku, za mbwa, na za Chemutai jirani aliyeleta maziwa. Za Jairus hazikuwepo. Za dada yake Sylvia, aliyetoka mara moja tu kumwaga majivu, zilikuwa zimezama hata maji yakasimama ndani yake, na bata walikuwa wakinywa humo.

Mtu asiyeacha nyayo, Nekoye aliwaza, ana mahali ambapo hataki kufuatwa. Tangu siku hiyo akaanza kumchunguza.

Alikuwa ametoka kwao Lurambi kuja kumsaidia dada yake, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Mtoto akishazaliwa na kushika shingo, Nekoye angeenda kujifunza cherehani kwa mama mmoja wa mjini aliyekwisha kumkubali. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano. Jairus mwenyewe, karani katika duka la mbolea, aliyakubali bila neno. Siku hizi alikubali kila jambo bila neno. Alikuwa na uso uliotulia kama maziwa yaliyoganda, na hilo pia Nekoye halikumpendeza.

"Neko," Chemutai alimwita kutoka ng'ambo ya ua, "shemeji yako ameanza kuruka?"

"Bado. Anasimamanga tu."

"Anasimama vipi?"

"Kama amekumbatia chungu. Na chungu hakuna."

"Wee! Kwetu mwanamume akisimama kimya hivyo, jua anaangalia ng'ombe za watu."

Kusimama huko kulifundishwa na mwalimu Wanyama, katika ukumbi wa mabati nyuma ya soko. Wanyama aliwahi kuwa msaidizi wa Wachina waliojenga barabara, na kwao alijifunza kusimama. Baadaye alilinda duka la Mhindi mmoja Kisumu, na kwa huyo alijifunza kukaa na kupumua. Aliporudi Kakamega aliyaunganisha yote mawili, akasema ni njia ya mtu kujilima mwenyewe ndani, kama shamba. Vijana walimiminika wakidhani watafundishwa mateke ya kwenye video. Wanyama akawasimamisha hadi mapaja yakatetemeka.

"Mwalimu, teke tutafundishwa lini?" mmoja aliuliza.

"Teke liko ndani."

"Basi tupasue tumbo tulitoe, twende nyumbani."

Vijana wakaondoka. Waliobaki ni waume wa watu, na ndio waliotiliwa shaka. Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, na mji wote ulinong'ona habari za waabudu shetani. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyekutana na nyoka mwenye tai. Wanaume wanaofumba macho pamoja alfajiri, bila wimbo na bila Biblia, hawangeachwa hivi hivi. Mchungaji alihubiri juu yao mara mbili bila kuwataja. Wanawake walipopita karibu na ukumbi walihamisha watoto upande wa pili wa njia.

Nekoye naye alishuku, lakini si nyoka. Alishuku hesabu.

Jioni Jairus alirudia mazoezi sebuleni. Alivua viatu, akakumbatia chungu chake cha hewa, akavuta pumzi hadi kitovuni, kisha akaitoa polepole na kusema, kama mwalimu alivyowafundisha, "Natua."

Na kutoka jikoni Sylvia alijibu, "Lete."

Hakuna aliyemwambia ajibu. Kwao, tangu zamani, mtu hatui mzigo peke yake nyumba ikiwa na watu. Anayefika na kuni au mtungi kichwani husema natua, na aliye ndani, hata mikono ikiwa imejaa unga wa obusuma, ugali wa kwao, husema lete. Kunyamaza ni kama kumwambia mtu arudi alikotoka. Sylvia alikuwa amelelewa vizuri. Alisikia natua, akasema lete, akaendelea kusonga.

Jairus akapanda. Neno lenyewe ni la kushuka, lakini yeye akilisema, nyayo zake ziliachana na zulia na kuning'inia juu yake kwa upana wa kiganja. Wiki zilivyopita alifika usawa wa meza, kisha usawa wa picha ya harusi. Nekoye alifagia chini yake. Kuku mmoja alizoea kulala hapo, kwa kuwa palikuwa na kivuli.

"Si unaona vile ametulia?" Sylvia alisema. "Zamani akitoka kazini alikuwa ananuna mpaka chakula kinapoa. Sasa hata sauti haipandishi."

"Ameipandisha miguu," Nekoye alijibu.

Sylvia alicheka, na kiti alichokalia kikalia chini yake. Kilikuwa kiti cha mvule. Juma lililotangulia alikuwa ameshavunja kigoda, na kitanda kilikuwa kimetiwa matofali. Alipanda ngazi ya mlango akishika ukuta, hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka mto. Kwenye zahanati muuguzi alimpandisha juu ya mizani, na mshale ukazunguka hadi ukarudi mwanzo.

"Mja mzito ni mzito," muuguzi alisema. "Jina lenyewe linasema. Anayefuata!"

Nekoye alipeleka chakula cha mchana dukani siku moja, akamkuta Jairus amesimama juu ya mizani ya mbolea akizungumza na mteja. Mshale haukuwa umetikisika. Alirudi nyumbani akiwaza yale mambo mawili, mshale uliozunguka na mshale uliolala. Jioni aliketi kati ya jikoni na sebule, mahali pa kuona pande zote mbili. Jairus akasema natua. Sylvia akasema lete. Jairus akapanda kidogo, na jikoni visigino vya dada yake vikazama katika sakafu ya udongo kama vidole katika obusuma moto.

"Dada," Nekoye alisema kesho yake, "usimjibu."

"Nani?"

"Mume wako. Akisema natua, nyamaza."

Sylvia alimtazama kama aliyeambiwa aibe. "Nimnyamazie mwenye nyumba?"

"Ule ni uzito wake unapokea. Mtoto atapitia wapi na hiyo yote iko juu yake?"

Sylvia alishika tumbo kwa muda mrefu. Jioni ile, Jairus alipotoa pumzi na kusema natua, jikoni kulikuwa na sauti ya maji kuchemka tu. Akasema tena, natua. Akasema mara ya tatu, kwa sauti ambayo haikuwa imesikika humo ndani kwa miezi, kisha akashuka kwenye zulia kwa kishindo, na kuku akakimbia. Alikaa chini akijishika magoti. Hakula.

Jumapili alasiri kikaitishwa kikao. Mama Milcah, mamake Jairus, alifika kutoka Khwisero na kuku mkononi. Mchungaji alikuja na Biblia, akitarajia hatimaye kuambiwa habari za nyoka. Mwalimu Wanyama alikuja na mawe mifukoni kwa sababu ya upepo.

"Hiyo pumzi mnaivuta kutoka wapi?" mchungaji alianza.

"Kwa pua, mchungaji," alisema Wanyama.

"Mimi nimeitiwa kitu kingine," Mama Milcah akaingilia. "Mwanangu anasema natua ndani ya boma lake, na hakuna wa kumwambia lete. Hii ni nyumba ama ni kaburi? Sylvia, mwana wa wenyewe, tulikukosea nini?"

Sylvia aliinamisha kichwa. Nekoye akasimama, ingawa hakuitwa.

"Mama, mnisamehe. Uzito wa shemeji haupotei. Unaenda kwa dada, na yeye tayari amebeba mtu. Angalieni kiti chake."

Wakaangalia. Miguu ya kiti ilikuwa imetoboa saruji ya sebule na kuingia nusu yake, hata magoti ya Sylvia yalikuwa karibu na kidevu. Wote waliona.

"Ni kweli hii?" mchungaji alimgeukia Wanyama.

"Itakuwa ni kweli. Uzito lazima ukae mahali. Mimi nilifundishwa kutua. Kupokea sikufundishwa." Akapapasa mawe mifukoni. "Na sina bibi."

"Na shetani?"

"Hayumo."

Mchungaji akashusha pumzi ndefu na kuifunga Biblia. "Bwana asifiwe. Basi ni mambo ya nyumbani tu. Na sisi tulikuwa tumewashuku bure!"

Shaka zote zikatoka chumbani kama moshi dirisha likifunguliwa. Mama Milcah alimpapasa Sylvia begani. "Hata mimi nilipokea uzito wa baba yake miaka yote, mwanangu. Na yule hakuwa hata na mazoezi." Akamchinja kuku. Walipokuwa wakila, Jairus alisema natua, na Sylvia, akitazamwa na watu wote, akasema lete. Mchungaji aliuliza Wanyama ukumbi hufunguliwa saa ngapi.

Uchungu wa Sylvia ulianza alfajiri ya siku ya kazi, akiwa jikoni amekaa chini. Alitaka kusimama, akashindwa. Nekoye na Chemutai walimvuta kila mmoja mkono wake, naye hakusogea, ikawa kama kuvuta mlima kwa nyasi zake.

"Uchungu unakuja, na mtoto anabaki pale pale," Sylvia alisema, akihema. "Neko, nitafia hapa."

Chemutai akakimbia ukumbini. Wanaume walikuja mbio, haraka sana, bila kugusa majani. Walikuwa wengi na walikuwa na nia njema. Wanne walimshika Sylvia mikono na miguu, wakahesabu, wakainua, na wakabaki wakipepea juu yake kama nguo kwenye kamba. Mchungaji alimshika kiunoni na upepo ukamgeuza. Jairus alimshika kwapani, akavuta kwa nguvu zake zote, na yeye ndiye aliyepanda.

"Mzee wangu," Sylvia alisema, akimtazama juu, "natua."

Jairus alitazama wenzake.

"Mzee wangu. Natua."

"Nikipokea sasa," Jairus alisema kwa upole, kwa ile sauti isiyopanda, "kazi yangu yote itakuwa ya bure. Nitaanzia tena miguuni. Jikaze tu, mama, ni kidogo hicho."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Jairus alikuwa juu kiasi kwamba huenda kutoka pale ulionekana hivyo. Sylvia alifumba macho. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

"Dada," Nekoye alisema, "niambie mimi."

"Wewe una cherehani yako."

"Niambie."

"Natua," alisema Sylvia.

"Lete," alisema Nekoye.

Uzito uliingilia mabegani, ukateremka taratibu kama uji mzito, ukajaza kiuno, ukajaza mapaja, ukakaa. Nekoye alisikia sakafu ikipasuka chini ya nyayo zake, akapanua miguu asije akaanguka. Sylvia alikuwa tayari amesimama. Chemutai na wanawake wawili wa sokoni waliokuwa wamefuata kelele wakamlaza juu ya mlango uliong'olewa, wakamtoa mbio kwenda zahanati. Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita, msichana, na mizani ikasoma uzito wa kawaida.

Sylvia aliporudi, Jairus alisimama sebuleni akasema natua. Sylvia alifungua mdomo, lakini jibu lilikuwa limekwisha kutoka uani. Aliyejibu ni Nekoye. Lilitoka uani kila jioni baada ya hapo. Mtoto akashika shingo. Mama wa cherehani alimpokea Nekoye vizuri, akamwekea kiti, na Nekoye alipogusa kanyagio, kikavunjika. Wakaagana kwa heshima. Alitaka kurudi Lurambi, lakini hakukuwa na baiskeli ya kumbeba, na kwa miguu alizama kabla ya kufika barabarani.

Ukumbi wa Wanyama ulijaa hata ikabidi uongezwe. Walimwaga murramu mpya, ule udongo mwekundu wa barabara, upande wa nyuma, na kwa kuwa hakuna mmoja wao aliyeweza kuushindilia, walimtuma Chemutai amwombe Nekoye. Alikuja polepole, akashika ukuta, akaanza kutembea huku na huku. Kila alipokanyaga, udongo ulilala na haukuinuka. Ilikuwa kazi safi. Wanaume waliitazama kutoka juu, wakiwa wamekumbatia vyungu vyao, na macho wamefumba nusu.

"Polepole hapo, mulamwa," Jairus alimwambia shemeji yake kutoka karibu na mabati. "Umeruka pembe."

Nekoye aliitazama ile pembe. Kweli alikuwa ameiruka. Akarudi, akaikanyaga.