Kontena la Chini Kabisa

Kazi yake ilikuwa kupanga makontena bandarini. Meli ikishusha, yeye ndiye aliyeamua kila kontena likae wapi yadini, na juu ya lipi. Shida ni kwamba kontena la chini halichomoki mpaka yaliyo juu yake yaondolewe kwanza, kwa hiyo kreni zilishinda zikipangua na kupanga upya, huku foleni ya malori getini ikizidi kurefuka. Madereva walikuwa wakifua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni.

"Mzigo mmoja naubeba mara tano kabla haujaondoka," alilalamika dereva wa kreni, waliyemwita Twiga kwa kushinda juu na shingo kaiinamisha. "Mke wangu mwenyewe sijambeba hata mara moja."

Mpangaji wa makontena akaleta wazo. Kila mwenye mzigo aseme mapema siku atakayokuja kuuchukua. Wa kuondoka mapema ukae juu, wa kuchelewa ukae chini. Meneja akakubali kujaribu, na wiki za mwanzo mambo yalinyooka kweli. Malori yaliingia na kutoka. Twiga alimnunulia soda, akamwambia siku hizi anapata hata nafasi ya kupiga miayo.

Ndipo shemeji yake mpangaji, mume wa dada yake mkubwa, akampigia simu. Yeye na wakulima wenzake walikuwa wameagiza mbegu za viazi, kontena zima lenye matundu ya hewa.

"Shem, wakala wangu wa kutoa mzigo ananiuliza tarehe. Anasema niseme kesho."

"Kwani kesho utakuja?"

"Kesho wapi! Lori liko gereji, na mashamba hayajamalizika kulimwa. Labda Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi sema hiyo hiyo Alhamisi. Watu wakisema kweli, mpango unakwenda."

Shemeji akasema kweli.

Asichojua mpangaji ni kwamba mawakala walikuwa wameshaushtukia mpango wake. Wote, hata wale ambao mizigo yao haikuwa na haraka yoyote, walikuwa wakisema kesho. Kontena la mbegu likawekwa chini kabisa, yakapandishwa manne juu yake, na wenye hayo manne hawakutokea. Meli mbili zikafika kwa pamoja. Kreni moja ikakatika waya. Yadi ikajaa mpaka kwenye njia za kupitia.

Alhamisi shemeji alifika na lori lililotengenezwa. Mpangaji akamvalisha kofia ngumu, akampeleka hadi kwenye rundo. Shemeji akasogeza pua kwenye matundu, akatabasamu.

"Bado zinanukia udongo. Huko kwetu mvua imeanza, shem. Leo nikiondoka, Jumamosi tunapanda."

Mpangaji akachukua redio. "Kaka Twiga, niondolee haya manne."

"Niyaweke wapi, dada? Nionyeshe pa kuweka tairi moja tu, nikuhamishie sasa hivi."

Hapakuwapo. Alikwenda kwa meneja, akamweleza mzigo ni mbegu, na mbegu hazisubiri. Meneja hakuinua kichwa. "Meli kwanza. Zikiondoka na gati likifunguka, tutaangalia."

Ijumaa ikapita. Shemeji alilala ndani ya lori, akala mikate, akawa anapigiwa simu na wenzake kila saa mpaka akaacha kuzipokea. Jumatatu harufu ilikuwa imebadilika. Jumatano, chini ya mlango, kulikuwa kunachuruzika maji ya kahawia.

Gati lilifunguka siku iliyofuata. Twiga aliyashusha manne yale taratibu sana, kana kwamba ndani mna mgonjwa. Mlango ulipofunguliwa, joto liliwapiga usoni. Shemeji akatoa kiazi kimoja kwenye gunia, akakibonyeza, kikapita katikati ya vidole kama uji. Akatoa cha gunia jingine. Akajifuta mkono kwenye suruali.

"Ungesema tu kesho," mpangaji alisema. "Ungekaa juu."

"Lakini nisingeweza kuja kesho, shem."

Alisema hivyo bila hasira. Afadhali angemtukana. Akawasha lori tupu, akaondoka.

Wiki hiyo hiyo meneja aliufuta mpango. Mpangaji akapendekeza wanaodanganya tarehe wawe wanawekwa chini safari inayofuata.

"Hao ni wateja," meneja akamjibu. "Panga yanavyoshuka, kama zamani."

Akapanga yanavyoshuka.

Jioni ya Jumapili akampigia dada yake. Simu iliita sana kabla ya kupokewa.

"Shemeji anasemaje?"

"Hasemi. Amekwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya watu."

"Nije wikendi ijayo, dada? Nije niongee naye?"

Mvua ilisikika ikipiga bati nyuma ya dada.

"Usije," akasema. "Bado."